Bwana Nyoka wa Liwale

Mtu alimaye katika vilima vya Munanila hana haja ya kufundishwa habari za adui wa shamba. Nyani huja mchana, nao huweka mlinzi wao juu ya mti. Nguruwe wa mwitu huja usiku wakafukua mihogo, na nungu huja nyuma yao wakamaliza kilichosalia. Fuko hupita chini kwa chini wala haonekani, hata mwenye shamba achimbe viazi vyake akute maganda matupu. Mtoto wa hapa hupelekwa kuamia shamba tangu hajajua kusoma.

Liwale iko mbali sana na Uha, upande wa pili wa Tanzania, kusini ya mto Rufiji. Huko adui wa shamba ni mkubwa kuliko nyumba ya mwenye shamba. Habari hii ni ya mtu aliyekaa Liwale miaka mingi, na kazi yake ilikuwa kuwatoa wanyama katika mashamba na viwanja vya watu: kwanza ndovu na simba, kisha nyoka. Jina lake ni Constantine Ionides. Watu walimwita Bwana Nyama kwa sababu ya kazi ya serikali aliyoifanya, na baadaye wakamwita Bwana Nyoka, na jina hili la pili ndilo lililodumu.

Ionides alizaliwa Uingereza mwaka wa 1901. Ukoo wake ulikuwa wa asili ya Kiyunani, ambao wazee wao walihamia Uingereza zamani. Alipokuwa kijana alipelekwa katika shule ya Rugby, nayo ni shule yenye sifa kubwa katika nchi ile. Yeye hakupata sifa humo. Alikuwa mtu wa peke yake, na mawazo yake yalikuwa vichakani kwa wanyama kuliko darasani. Walakini kitabu kimoja alikisoma kwa moyo wote, kitabu cha msasi mmoja jina lake Frederick Selous, ambaye naye alisoma Rugby miaka mingi kabla yake. Selous alieleza humo safari zake za kuwinda ndovu katika Afrika ya kusini. Basi kijana yule akakata shauri kwamba atakuwa kama Selous, na tangu siku hiyo hakubadili nia.

Selous mwenyewe alikufa angali Ionides ni mwanafunzi. Alipigwa risasi tarehe 4 Januari 1917 mahali paitwapo Beho Beho, karibu na Rufiji, Waingereza na Wajerumani walipokuwa wakipigana katika nchi yetu, akazikwa papo hapo. Vita vilipokwisha, mwaka wa 1922, pori lile liliitwa kwa jina lake, likawa hifadhi ya wanyama ya Selous. Kumbukeni pori hili, kwa maana maisha ya Ionides yote yalikuja kufungamana nalo.

Alipotoka shule akafundishwa uaskari, akapelekwa Bara Hindi, na katikati ya miaka ya 1920 akaletwa Tanganyika kuwa afisa katika jeshi la Keya. Yapo mambo ya wakati ule ambayo si mazuri, lakini hayafai kuachwa. Alikuwa mwizi wa pembe. Alivuka mpaka akaingia Kongo ya Wabelgiji, akawinda ndovu pasipo ruhusa na kuuza pembe zao. Hakukifanya kwa njaa, kwani alikuwa na mshahara. Alikifanya kwa kupenda uwindaji na fedha. Alipokuwa mzee hakuficha jambo hili, bali aliliandika waziwazi katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka wa 1965. Baada ya kuacha jeshi alifanya kazi ya kuwaongoza Wazungu matajiri waliotaka kuwinda, na hatimaye, mwaka wa 1933, akaingia katika kazi ya serikali ya kulinda wanyama. Wako waliocheka kuona mwizi amefanywa mlinzi. Lakini mtu aliyekwisha kupita njia zote za wezi hadanganyiki upesi.

Akapewa nchi ya kusini, akakaa Liwale.

Sasa yafaa kueleza sababu ya ndovu kuwa wengi katika nchi ile, maana haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani Liwale ilikuwa na watu na mashamba na njia za biashara. Mwaka wa 1905 watu wa kusini waliondoka kupigana na Wajerumani katika vita vya Maji Maji, na boma la Liwale likatwaliwa. Wajerumani walipowashinda hawakuridhika na ushindi. Waliteketeza vyakula na mashamba ili watu washikwe na njaa, na kwa njaa hiyo wakafa watu wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Miaka michache baadaye vita vya Wazungu vikapita katika nchi ile ile. Vijiji vikawa mahame. Shamba lisilolimwa huota majani, kisha vichaka, kisha miti. Na katika vichaka huja ndorobo, na baada ya ndorobo huja wanyama wasiosumbuliwa na ndorobo. Hivyo ndovu walishuka katika mahame yale kidogo kidogo kama maji yajazavyo bonde. Watu waliosalia walikuwa wachache, wametawanyika mbalimbali, kila mmoja na shamba lake katikati ya pori.

Fikirini hali yao. Ndovu mmoja hula zaidi ya kilo mia moja za majani na matunda kwa siku moja, na asichokula hukikanyaga. Kundi la ndovu kumi likiingia katika mtama wakati wa kukomaa, asubuhi mwenye shamba hana chakula cha mwaka. Watu walijenga madungu, wakakesha humo, wakapiga madebe na kuwasha mioto na kupiga kelele. Kwa siku za kwanza ndovu huogopa. Kisha huona kwamba debe halimwumizi mtu wala ndovu, wakaendelea kula huku debe likipigwa. Mara nyingine mlinzi ndiye aliyekimbia, na mara nyingine hakuwahi kukimbia. Bunduki za kweli zilikuwa chache sana mikononi mwa raia, na gobori halimfai mtu kitu mbele ya ndovu dume.

Basi walikuja kwa Bwana Nyama, wakitembea siku mbili au tatu, kutoa mashitaka yao.

Kazi yake na askari wake ilikuwa kuua ndovu waingiao mashambani, nao waliua wengi. Katika miaka ile ndovu waliouawa katika nchi nzima ya Tanganyika kwa kulinda mashamba waliweza kupita elfu katika mwaka mmoja. Pembe zilikuwa mali ya serikali, na nyama waligawiwa watu wa kijiji. Lakini Ionides hakuona kwamba kuua wengi ndiyo kazi yenyewe. Alikuwa amekaa na ndovu muda mrefu, akajua kwamba ni mnyama mwenye akili na kumbukumbu, ajifunzaye na kuwafundisha wenziwe. Ndovu akiuawa porini, siku tatu baada ya kula mtama wa mtu, wenziwe hawajui ameuawa kwa ajili gani. Huona tu kwamba mahali pote ni pa hatari, wakazidi kutangatanga na kuingia mashamba mengine. Bali akiuawa ndani ya shamba, au ukingoni mwa shamba, na makohozi ya mtama yangali kinywani, wenziwe hukimbia na kushika neno moja, kwamba mahali penye mtama na harufu ya watu ndipo penye kifo. Na porini waachwe na amani, wapate mahali pa kukimbilia. Hii ndiyo sheria aliyowafundisha askari wake, nayo ilishikwa kusini muda mrefu.

Ni sheria iliyo rahisi kusema. Kuifanya ni kazi nyingine. Msasi huamka kabla ya jua akaangalia alama mashambani: nyayo, kinyesi kama kingali na moto, majani yaliyokatwa kama yamenyauka au yangali mabichi. Huchukua mfuko mdogo wenye majivu na kuutikisa kila hatua chache ili aone upepo waelekea wapi, maana ndovu haoni mbali lakini hunusa mbali sana. Hupita katika nyasi ndefu kuliko yeye, hata asikie matumbo ya ndovu yakinguruma mbele yake na asimwone. Ionides alifanya hivi kwa miguu mwaka baada ya mwaka, na safari zake zilikuwa za majuma na miezi, pamoja na wapagazi wachache na chakula kidogo. Nguo zake zilikuwa mbovu hata wageni wakamdhania maskini. Hakuoa. Nyumba yake Liwale ilikuwa na vitabu vingi na vitu vichache vinginevyo.

Kazi nyingine ilikuwa simba wala watu. Katika nchi ya kusini walitokea mara kwa mara simba waliozoea kukamata watu, wakaingia hata vijijini usiku, na watu wakaacha kwenda visimani au kulala katika madungu yao. Hapo mavuno yaliliwa na nguruwe kwa sababu hakuna aliyethubutu kuyalinda. Twaona jinsi jambo moja livutavyo jingine. Ionides aliwafuata simba wale mpaka akawapata, na kwa ajili hiyo wako wazee wa Liwale waliomshukuru maisha yao yote.

Lakini si wote waliokuwa na sababu ya kumshukuru, nami sioni haki kunyamaza. Kuna njia mbili za kutenganisha mnyama na shamba. Ya kwanza ni kumwondoa mnyama. Ya pili ni kuondoa shamba. Katika miaka ya 1940 serikali iliwaondoa watu wengi wa magharibi ya Liwale katika vijiji vyao vya zamani, ikawakusanya katika makao mapya, na sababu iliyotolewa ilikuwa ugonjwa wa malale uletwao na ndorobo. Wazee wa Kibondo na Kasulu walilijua jambo hili vizuri, kwa maana katika miaka ya 1930 watu wengi wa Uha nao walikusanywa hivyo hivyo kwa ajili ya malale. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na uliua. Walakini huko Liwale pori lililoachwa liliingizwa katika hifadhi ya Selous, ikazidi kupanuka hata ikawa miongoni mwa hifadhi kubwa kabisa za Afrika. Ionides alilitaka jambo hili na kuliunga mkono. Kwa fikira zake ndovu na mkulima hawawezi kukaa pamoja, na yafaa kila mmoja awe na nchi yake.

Kwa upande wa ndovu shauri hili lilikuwa jema. Kwa upande wa mtu aliyeacha miembe iliyopandwa na babu yake, na makaburi ya wazee wake, akaambiwa kwamba hana ruhusa ya kurudi hata kwa kuchuma asali, lilikuwa chungu. Watu wale hawakuulizwa kama wapenda kuhama. Wengine husema kwamba bila Ionides pori la Selous lisingalikuwako, nao hawakosei. Yafaa waseme pia ni nani waliolilipia.

Hata katikati ya miaka ya 1940, alipokuwa amekwisha kupita umri wa miaka arobaini, moyo wake ukageukia wanyama wengine kabisa. Alikuwa akikusanya wanyama wa namna adimu kwa ajili ya nyumba ya makumbusho ya Nairobi, na kutoka hapo akaanza kushika nyoka. Mwanzo alifanya kwa udadisi, kisha ikawa ndiyo kazi yake. Alipoacha utumishi wa serikali katika miaka ya 1950 hakurudi Uingereza. Alibaki kusini akishika nyoka, na miaka yake ya mwisho alikaa Newala, juu ya nyanda za Wamakonde.

Watu wote wa nchi ile walijua la kufanya waonapo nyoka. Hapo zamani mtu akimwona nyoka katika mwembe wa kiwanja chake, aliwaita jirani wakaja na mawe na fimbo na moto. Mara nyingine nyoka aliuawa, mara nyingine mtu aliumwa, na mara nyingi nyoka alijificha tu akarudi kesho. Sasa mwenye kiwanja alimwacha mtu mmoja akimtazama nyoka bila kumsumbua, na mwingine akakimbia au akapanda baiskeli kwenda kwa Bwana Nyoka. Naye alitoka mara moja, hata kama alikuwa mezani. Aliyemwonyesha nyoka alipewa zawadi ya fedha. Kwa hiyo kitu kilichokuwa hofu kikawa faida, na watoto wa Newala walikuwa na macho makali kuliko mwewe.

Huko Newala walikuwako nyoka wengi wa kijani wakaao juu ya miti, ndugu wa koboko. Sumu yao ni kali sana, lakini wenyewe ni waoga. Hulala mchana katika majani ya miembe na mikorosho, pengine juu ya kichwa cha mwanamke atwangaye mahindi, naye hajui. Ionides alimwendea nyoka huyu kwa upondo mrefu wenye koleo mwishoni, lifungwalo na kufunguliwa kwa kamba. Lilikuwa jambo la kungoja. Aliinua upondo polepole kati ya majani, kama tawi litikiswalo na upepo, hata koleo likafika karibu na mwili wa nyoka. Ndipo akamshika ghafula na kumteremsha chini. Hapo alimkandamiza kwa fimbo, akamshika nyuma ya kichwa kwa vidole vyake, akamwingiza katika mfuko. Ikiwa mti ni mrefu aliukwea. Kwa fira atemaye mate ya sumu alivaa miwani mikubwa ili kulinda macho. Na kwa nyoka yule mnene wa msituni, ndugu wa bafe, mwenye madoa kama zulia na meno marefu kuliko ya nyoka wote wa nchi, alisema na kuonyesha kwamba ni mpole ajabu, hata akamwinua kwa mikono kwa utulivu. Msijaribu jambo hili. Yeye mwenyewe, pamoja na ujuzi wake wote, aliumwa mara nyingi, na vidole vyake viliharibika kwa sababu hiyo.

Alishika maelfu ya nyoka kwa njia hii. Wengine walipelekwa katika nyumba za makumbusho na bustani za wanyama za nchi nyingi. Wengine sumu yao ilikamuliwa, maana dawa ya kumponya mtu aliyeumwa na nyoka hutengenezwa kwa sumu ile ile: farasi hutiwa sumu kidogo kidogo hata damu yake ikapata nguvu za kuishinda, kisha dawa hutolewa katika damu hiyo. Kwa hiyo nyoka aliyetolewa katika mwembe wa mtu mmoja aliweza kusaidia kuokoa maisha ya mtu mwingine wa mbali. Wataalamu nao walipata faida. Mwaka wa 1950 kinyama kimoja cha ardhini cha Liwale, kisicho na miguu na kifananacho na nyungunyungu, kilipewa jina la kitaalamu lenye jina la Ionides ndani yake.

Mtauliza kama ni faida kumtoa nyoka kwa hila nyingi hivi, badala ya kumponda kichwa. Ionides alijibu swali hili kwa matendo. Nyoka wengi wapitao nyumbani hawafuati watu, wafuata panya. Na panya hufuata nafaka iliyomwagika na ghala isiyofungwa. Mahali ambapo nyoka wote wameuawa, panya hula na kuzaa pasipo kizuizi. Tena mwenye kumpiga nyoka kwa fimbo fupi husimama karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote, na hivyo ndivyo watu wengi waumwavyo.

Watu wa nchi nyingine wameingia katika shauri kama hili kwa wanyama wasiofanana hata kidogo na wetu. Katika Marekani na Kanada yuko mnyama wa majini aitwaye biva. Ni jamaa ya panya, lakini uzito wake waweza kufika kilo ishirini na zaidi, na mkia wake ni bapa kama kafi. Meno yake hukata miti. Kwa miti hiyo na matope huziba kijito, maji yakajaa yakawa bwawa, naye hujenga nyumba yake katikati. Kwa pori hili ni jema, maana bwawa hutunza maji na samaki na ndege. Lakini kijito kikiwa katika shamba la mtu, asubuhi moja hukuta nyasi za ng'ombe zimo majini na mitofaa yake imelala chini. Akibomoa boma lile mchana, biva hulijenga tena usiku. Hachoki wala hakasiriki. Akimwua, mwaka ujao huja biva mwingine, kwa kuwa kijito ni kile kile na miti ni ile ile.

Mwaka wa 1948 mabwana nyama wa Idaho, katika Marekani, walikuwa na biva wengi katika mashamba ya watu, na milima mitupu ya mbali iliyohitaji biva. Njia ya kufika huko haikuwapo, na biva waliochukuliwa kwa farasi na baghala walikufa kwa joto. Basi wakawatia katika masanduku, wakawaangusha kutoka ndege kwa miavuli mikubwa, kama askari wa vita. Sanduku liligusa chini likafunguka lenyewe. Kwanza walimjaribu dume mmoja mara nyingi, hata akazoea kabisa. Kisha wakaangushwa biva sabini na sita, na mmoja tu akafa. Siku hizi wenye mashamba wengine hawawahamishi. Hupitisha bomba refu ndani ya boma la biva, maji yakashuka kiasi, naye asijue yanatokea wapi. Nadhani Ionides, aliyekuwa akijificha nyuma ya majani kwa upondo wake wakati ule ule, angalifurahi kusikia habari za bomba lile kuliko za ndege, kwa maana aliyelibuni alimchunguza mnyama kwanza.

Ionides alipozeeka miguu yake ilishikwa na ugonjwa wa mishipa, damu ikawa haipiti vizuri. Waganga walimwonya aache tumbako na safari. Hakuacha. Aliendelea kwenda kushika nyoka akichechemea, na palipo parefu alichukuliwa. Kazi yake ya wanyama kule kusini alikuwa amekwisha kumwachia kijana mmoja aliyemfundisha mwenyewe, Brian Nicholson, naye akaitunza hifadhi ya Selous miaka mingi kwa sheria zile zile.

Alikufa mwezi wa Septemba mwaka wa 1968. Tanganyika ilikuwa imekwisha kupata uhuru na kuungana na Unguja na Pemba, na jina la nchi lilikuwa Tanzania. Hakutaka kuzikwa Uingereza wala mjini. Alizikwa ndani ya hifadhi ya Selous, chini ya mlima wa Nandanga, mahali ambapo hapana nyumba wala shamba, naye ni miongoni mwa watu wachache sana walioruhusiwa kukaa humo daima.

Mwaka wa 1982 pori lile liliandikwa katika orodha ya mahali pa thamani kwa dunia nzima. Baadaye wezi wa pembe waliingia kwa bunduki za vita wakawaua ndovu kwa maelfu, kisha serikali ikawazuia, na ndovu wakaanza kuongezeka tena. Mwaka wa 2019 sehemu yake kubwa ya kaskazini ilitengwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Na katika vijiji vya Liwale na vya jirani zake, mahindi yanapokomaa, ndovu hutoka porini usiku kama zamani. Watu hupanda madunguni mwao na madebe na tochi, na wengine hutundika kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu kuzunguka shamba, maana imeonekana kwamba ndovu aliyezoea kelele za debe bado huchukia harufu ya pilipili.